Mama ameandikiwa CT scan ya shingo: mionzi, dawa ya kuchoma na hofu ya kutobolewa uvimbe

*"Daktari, shikamoo. Mama yangu ana miaka 58, ni mtu wa Makete ila kwa sasa anaishi kwangu Dar es Salaam. Ana uvimbe shingoni upande wa kushoto, chini kidogo ya pembe ya taya. Una miezi miwili na nusu, haumuumi, lakini unakua polepole. Kituo cha afya walisema ni mitoki, wakampa antibiotiki dozi mbili tofauti, haukupungua. Altrasaundi imesema ni tezi ya sentimita 3. Daktari wa pua, koo na masikio amemwandikia CT scan ya shingo ya kuchomwa dawa, na baada ya hapo achukuliwe sampuli kwa sindano. Mama amekataa yote mawili. Shangazi amemwambia mionzi ya CT ndiyo inayoleta kansa na ile dawa inaua figo, naye ana sukari, anameza metformin. Tena akila kamba wa baharini anavimba midomo na kuwashwa, na tumesikia dawa hiyo ina madini joto kama vitu vya baharini. Anaogopa pia kufungiwa ndani ya mashine. Na kubwa kuliko yote, anasema uvimbe ukitobolewa unasambaa. Hakuna kipimo kingine? Na CT ikishafanyika si itaonyesha ugonjwa wenyewe, sindano ya nini tena?"*

Marahaba, binti yangu. Pole kwa kuuguliwa na mama. Maswali yako nitayajibu yote, ila naomba nianze na jambo ambalo hukuliuliza, nalo ni muda. Mtu mzima akiwa na uvimbe shingoni uliokaa zaidi ya wiki mbili bila homa, bila maumivu na bila dalili nyingine ya maambukizi, anatakiwa atafutiwe chanzo, siyo kuongezewa antibiotiki. Mama yako amefikisha miezi miwili na nusu, uvimbe una sentimita 3 na bado unakua. Wengi hufarijika wakiona hauumi. Mimi nikisikia hauumi ndipo ninapokosa amani. Mitoki ya jino bovu au ya tonsili huuma, ukiigusa ina joto, na kwa kawaida hunywea ndani ya wiki mbili tatu. Uvimbe usiouma, unaokua taratibu, kwa mtu aliyekwisha kuvuka miaka 40, ndio tunaouharakia.

Sisemi mama ana kansa. Inaweza kuwa kifua kikuu cha tezi, ambacho kwetu ni cha kawaida sana na kinapona. Inaweza kuwa uvimbe wa tezi ya mate. Inaweza pia kuwa saratani iliyoanzia kooni au nyuma ya pua, ikajitokeza kwanza shingoni. Kwa kumtazama au kumpapasa tu hakuna daktari anayeweza kutofautisha hayo kwa uhakika. Njia aliyoiandika daktari wake, picha kisha sindano, ndiyo njia sahihi. Kama mtu atawashauri mjaribu dozi ya tatu ya antibiotiki kwanza, msikubali.

Sasa nianzie mwisho wa barua yako, kwa sababu hapo ndipo familia nyingi zinapojichanganya. CT scan haisemi ugonjwa ni gani. Inasema uvimbe uko wapi hasa, una ukubwa gani, umeshikana na nini, na kama kuna mwingine uliojificha ambao mkono haufiki. Jina la ugonjwa linatoka maabara, kwenye seli zilizochukuliwa kwa sindano.

Ukielewa mashine inavyofanya kazi utaona kwa nini. Ni duara kubwa lenye tundu katikati, na mgonjwa hulala juu ya kitanda kinachopita kwenye tundu hilo. Ndani ya duara kuna chanzo cha eksirei kinachomzunguka, na upande wa pili kuna vipokezi vinavyopima mionzi kiasi gani imepenya. Mfupa huzuia mingi, misuli huzuia kiasi, mafuta kidogo, na hewa karibu haizuii kitu. Kompyuta inakusanya vipimo vya kila pembe na kutengeneza picha za vipande vyembamba vya shingo, kama mkate wa slesi, ambapo unaweza kutazama kila slesi peke yake bila ile ya jirani kuifunika. Picha ya eksirei ya kawaida haiwezi hilo, kwa sababu inabandika kila kitu juu ya kingine. Lakini tazama kinachopimwa: ni uzito wa nyama dhidi ya mionzi. Seli ya kansa na seli iliyoshambuliwa na kifua kikuu hazina rangi tofauti machoni pa mashine.

Nikuonyeshe tunavyosoma picha hizo. Zinafika kwetu mamia, kuanzia chini ya fuvu hadi juu ya kifua. Naanzia nyuma ya pua. Pale kuna vijishimo viwili, kimoja kila upande, ambavyo kwa mtu mzima mwenye afya hufanana. Kimoja kikiwa kimejaa na mwenzake yuko wazi, nasimama hapo, kwa sababu saratani ya nyuma ya pua hupenda kuanzia mahali hapo na mgonjwa huwa hahisi kitu zaidi ya sikio moja kuziba. Nashuka kwenye tonsili: moja imenenepa kuliko nyingine? Shina la ulimi, zoloto (kisanduku cha sauti), kona za koromeo, tezi za mate, tezi ya thairoidi iliyo mbele ya shingo, mishipa mikubwa ya damu. Shingo ya kushoto na ya kulia zinalingana, na jicho letu linatafuta mahali ulinganifu huo ulipovunjika. Ndipo narudi kwenye tezi zenyewe, zile za mitoki. Tezi ya kawaida ina umbo la haragwe na upana wake mfupi hauzidi sentimita 1, isipokuwa ile iliyo chini ya pembe ya taya ambayo huweza kufika 1.5. Mwisho natazama vilele vya mapafu vinavyoingia kwenye picha, maana makovu ya kifua kikuu mara nyingi hukaa pale.

Basi chukulia nimeiona tezi ya mama, katikati peusi na ukingo unang'aa kwa dawa. Peusi pale ni nyama iliyokufa au maji. Kifua kikuu hufanya hivyo. Saratani ya tonsili iliyohamia kwenye tezi hufanya hivyo. Saratani ya thairoidi nayo huweza kufanya hivyo. Ndiyo maana ripoti inaandikwa "inaweza kuwa hiki au kile", na ndugu hukasirika wakidhani msomaji hajui kazi. Anajua. Ameandika ukweli wa picha, na picha imefika mwisho wake.

Hapo sindano inaingia. Ni sindano nyembamba, haizidi ile ya kutolea damu mkononi, na mara nyingi hupunguzwa hata zaidi ya hiyo. Daktari anaichoma kwenye uvimbe, anaisogeza mara chache, anatoa matone machache na kuyapaka kwenye vioo. Sehemu nyingine ya sampuli ipelekwe kwenye mashine ya GeneXpert, ambayo hutafuta vinasaba vya kifua kikuu na kutoa majibu kwa takribani saa mbili tangu ianze kazi. Muulizeni daktari wazi kama GeneXpert imeandikwa kwenye fomu, kwa sababu ikisahaulika mtarudi kuchomwa tena. Kifua kikuu kikithibitika, dawa zake Tanzania hutolewa bure, na kwa kawaida matibabu ya tezi huchukua miezi sita.

Je, kutoboa kunasambaza? Hofu hii naiheshimu, kwa sababu imezuia watu wengi kutibiwa na hailetwi na ujinga. Watu wameshuhudia jirani akitobolewa, na baada ya muda mfupi akazidiwa. Kilichotokea mara nyingi ni kwamba jirani huyo alifika hospitali ugonjwa umekwisha kusambaa, sampuli ikachukuliwa siku za mwisho, na familia ikaikumbuka sindano kwa sababu ndiyo iliyoonekana. Kansa husambaa kwa sababu inakua, na kinachoipa nafasi ya kukua ni miezi inayopita. Seli kufuata njia ya sindano nyembamba shingoni ni jambo la nadra mno.

Lakini ndani ya hofu hiyo kuna punje ya ukweli ambayo mama anastahili kuambiwa. Kupasua na kukata tezi ya shingo kabla ya kujua chanzo chake ni jambo tofauti na sindano. Kama ni saratani iliyotoka kooni, kidonda na kovu la upasuaji wa haraka huweza kuvuruga upasuaji mkubwa wa baadaye. Kwa hiyo mtu akiwaambia "njoo nikutoe hicho kinyama leo, dakika chache tu", kataeni. Sindano kwanza. Ikishindwa kutoa jibu, irudiwe kwa kuongozwa na altrasaundi, na kukata kuje baadaye mikononi mwa bingwa.

Kuhusu kwa nini CT itangulie na sindano ifuate: kwenye eneo hilohilo la chini ya taya kuna uvimbe wa nadra unaoota kwenye njia panda ya ateri kubwa ya shingo. Umejaa damu, na si wa kuchokonolewa bila kujua. Picha yenye dawa inautambulisha mara moja. Tena damu inayovujia ndani baada ya kuchomwa huweza kuchafua picha. Madaktari wengine huanza na sindano, hasa kama altrasaundi imeonyesha wazi kwamba ni tezi, na hilo pia si kosa. Msigombane na daktari kwa mpangilio.

Sasa mionzi. Shangazi hajasema uongo mtupu. Eksirei ni mionzi inayoweza kuharibu vinasaba vya seli, na kwa sababu hiyo hatuandiki CT kwa kila anayeumwa shingo baada ya kulala vibaya. Kipimo cha shingo humpa mtu takribani milisiverti 3 (milisiverti ni kizio cha kupimia dozi ya mionzi). Ili namba hiyo iwe na maana: kila binadamu hupokea kwa wastani milisiverti 2.4 kwa mwaka kutoka ardhini, angani, kwenye chakula na hewa anayovuta, bila kukanyaga hospitali. Kwa hiyo mama atapokea kwa sekunde chache kiasi ambacho angekipata kwa zaidi kidogo ya mwaka mmoja wa kuishi kwake. Kwa makadirio yanayotumika duniani kote katika kinga ya mionzi, dozi ya ukubwa huo inaongeza hatari ya kupata saratani maishani kwa mtu 1 au 2 kati ya 10,000, ukichanganya watu wa rika zote. Kwa mtu wa miaka 58 hatari iko chini ya hapo, kwa sababu saratani inayosababishwa na mionzi huchukua miaka mingi kujitokeza, na tezi ya thairoidi, inayokaa katikati ya njia ya mionzi, huathirika zaidi utotoni. Swali hilohilo lingekuwa la mtoto wa miaka 6, ningewaambia altrasaundi kwanza, na CT iwe pale tu inapolazimu.

Weka hatari hiyo upande mmoja, na upande wa pili weka uvimbe wa sentimita 3 usiojulikana ni nini. Mimi sioni shaka.

Mionzi hiyo pia haibaki mwilini. Mashine ikizimwa imekwisha, kama taa. Mama akitoka pale anaweza kumbeba mjukuu na kulala naye kitanda kimoja. Na ipo njia halali ya kupunguza dozi ambayo wagonjwa wachache huijua: ulizeni kama atapigwa mara moja au mara mbili. Kwa uvimbe kama wake, picha moja baada ya dawa kuingia kwa kawaida inatosha. Kuna vituo vinavyopiga bila dawa kisha na dawa kwa mazoea tu, na hapo dozi inakuwa mara mbili pasipo faida kubwa. Bila dawa huhitajika kwa mambo maalumu, kwa mfano tukitafuta jiwe kwenye mfereji wa tezi ya mate. Vituo vyenye mashine hizi vinatakiwa kuwa na leseni ya Tume ya Nguvu za Atomu Tanzania, na si utovu wa adabu kuiulizia.

Dawa ya kuchoma, ambayo wengine huiita dawa ya rangi au kontrasti, haina rangi. Ni maji maangavu yenye madini joto. Kazi yake ni kuifanya damu ing'ae kwenye picha. Bila hiyo, tezi na mshipa wa damu vikilala ubavu kwa ubavu huonekana kitu kimoja, na picha ya shingo kwa ajili ya uvimbe hupoteza sehemu kubwa ya thamani yake. Nimeona familia zikilipia "CT bila dawa" kwa hofu au kwa kupunguza gharama, kisha zikalazimika kulipia tena.

Je, inaua figo? Figo ndizo zinazoitoa, ndani ya saa 24 kwa mtu mwenye figo nzima. Kwa miaka mingi ililaumiwa kupita kiasi, kwa sababu wanaopigwa CT wengi ni wagonjwa ambao figo zao zingeyumba kwa ugonjwa wenyewe. Leo tunamhofia hasa mtu ambaye uwezo wa figo zake umeshuka chini ya 30 kwenye ile namba inayoandikwa eGFR, au ambaye figo zimeumia ghafla siku hizo. Mama ana sukari, kwa hiyo ni lazima apime kreatinini kabla, yaani kipimo cha damu kinachoonyesha kazi ya figo, na jibu liwe la karibuni. Kama eGFR iko 30 au zaidi na hana tatizo la ghafla, dawa inaweza kutumika. Anywe maji kama kawaida siku ya kipimo, asishinde na kiu.

Metformin yenyewe haigombani na dawa ya picha. Wasiwasi ni kwamba figo zikisimama, metformin hujikusanya mwilini na kuleta asidi kwenye damu. Kwa hiyo kama figo ziko sawa, miongozo mingi ya sasa haimlazimishi kuisimamisha. Kama eGFR iko chini ya 30, inasimamishwa siku hiyo na kwa saa 48 baadaye, figo zinapimwa upya, ndipo uamuzi wa kuirudisha unafanyika. Hospitali nyingine husimamisha kwa saa 48 kwa kila mgonjwa wa kisukari. Wakisema hivyo, fuateni. Ninachowaomba ni mama asijiamulie mwenyewe kuacha dawa ya sukari wiki nzima "ili mwili uwe msafi", wala asiache vidonge vya presha kama anavyo. Nimepokea wagonjwa wenye sukari iliyopanda vibaya kwa sababu hiyo tu.

Kuhusu kamba, nina habari njema. Kinachomwasha mama ni protini iliyo kwenye nyama ya kamba, wala si madini joto. Madini joto yamo kwenye chumvi anayopikia kila siku, na kama yangekuwa adui yake angekuwa anawashwa kwa kila mboga. Mtu mwenye mzio wa chochote, iwe kamba, karanga au vumbi, ana uwezekano mkubwa kidogo kuliko wengine wa kuwashwa na dawa hii, lakini uwezekano huo bado ni mdogo na hauzuii kipimo. Kitu kinachotubabaisha kweli ni mtu ambaye aliwahi kuchomwa dawa hiihii ya CT akapata shida. Pumu isiyotulia nayo tunataka kuijua. Aliyewahi kupata shida huweza kupewa vidonge vya prednisolone vinavyoanza saa 13 kabla ya picha, na kwa mgonjwa wa kisukari vidonge hivyo hupandisha sukari, kwa hiyo si vya kumeza kwa ushauri wa jirani. Mama amwambie mtaalamu kuhusu kamba, aandikwe, basi.

Mzio mkali kabisa wa kushuka presha au kubanwa pumzi huwapata watu wapatao 4 kati ya 10,000 kwa dawa zinazotumika sasa, na mara nyingi huanza ndani ya dakika chache akiwa bado palepale. Ndiyo sababu kanula, kile kimrija cha kwenye mshipa wa mkono, haitolewi haraka na anaombwa akae kidogo, dakika 15 hadi 30. Asikimbilie daladala. Vipele vinaweza kuja hata siku kadhaa baadaye, navyo kwa kawaida ni vya kupita.

Umesema mama ni mtu wa Makete, na hapo nina swali ambalo pengine hakuulizwa. Nyanda za juu kusini, iliko Makete, zilikuwa na rovu nyingi, yaani uvimbe wa tezi ya thairoidi, kabla chumvi yenye madini joto haijaenea. Mtu aliyekaa na rovu yenye vinundu kwa miaka mingi, akipewa madini joto mengi kwa ghafla, tezi yake ya thairoidi huweza kuanza kutengeneza homoni kupita kiasi. Haitokei kwa wengi, lakini inatokea. Kwa hiyo kama ana rovu, au aliwahi kutibiwa thairoidi, semeni kabla. Na kama wiki chache baada ya kipimo moyo wake utaanza kwenda mbio, mikono kutetemeka na mwili kupungua, apimwe homoni za thairoidi. Ripoti ya CT pia huenda ikataja kinundu kidogo cha thairoidi ambacho hakuna aliyekitafuta. Kwa umri wake, kinundu kisichofika sentimita 1.5 na kisicho na dalili za shaka kwa kawaida hakihitaji kufuatiliwa, kwa hiyo kisiwape usingizi wa mang'amung'amu.

Kuhusu kufungiwa, mama pengine amesimuliwa MRI, mashine nyingine ya picha inayotumia sumaku. Ile ni bomba refu, ina kelele, na mtu hukaa humo nusu saa na zaidi. CT ni duara fupi. Kichwa na mabega yatapita, na miguu yote itabaki nje. Mtaalamu wa mionzi atamlaza chali, ataweka kichwa kwenye kishikizo na kumwomba ashushe mabega kuelekea miguuni, kwa sababu mifupa ya mabega huweka mistari kwenye picha za chini ya shingo. Avue hereni, mkufu na pini za nywele, na meno ya bandia yanayotoka. Dawa ikiingia atahisi joto likipanda kutoka mkononi hadi kooni, ladha ya chuma mdomoni, na joto chini ya kitovu linalomfanya adhani amejikojolea. Mwambie kabla! Akina mama wengi hushtuka hapo, wakajitikisa, picha ikaharibika. Hajajikojolea, na joto hilo linapita kwa dakika moja hivi. Kisha sauti itamwambia asimeze mate na apumue polepole, na kwa sekunde kama kumi hivi kitanda kitasogea. Kumeza mate katika sekunde hizo kunatikisa zoloto na kufuta undani wa koo. Mkono ukimuuma sana au kuvimba pale penye kanula, apaze sauti mara moja, kwa sababu dawa inaweza kuwa inamwagika nje ya mshipa.

Kipimo kingine kipo? Altrasaundi mmeshafanya, na imefanya kazi yake, lakini haioni nyuma ya taya wala ndani ya koo palipo na hewa. MRI haina mionzi na inaona nyama laini vizuri zaidi, hasa nyuma ya pua, kwenye ulimi na kwenye mishipa ya fahamu. Kama figo za mama hazitaruhusu dawa ya CT, hiyo ndiyo njia ya kuzungumza na daktari. Ila ni ghali zaidi, ni ndefu, vituo ni vichache, na kumeza mate kwa nusu saa kunaharibu picha za koo. Kwa mama yako ningeanza na CT. Kamera ya kuingiza puani kutazama koo nayo ifanyike kama bado, kwa sababu doa dogo kwenye ngozi ya ndani ya koo huonekana kwa kamera na CT ikalipita.

Kuhusu gharama, hospitali za rufaa za mikoa nyingi sasa zina CT, na bei hutofautiana sana na ya vituo binafsi. Kama ana bima, ombeni kibali mapema. Kama hana na hali ni ngumu, nendeni ofisi ya ustawi wa jamii ya hospitali ya serikali kabla ya kukata tamaa. Mkimaliza, dai CD yenye picha zote, siyo filamu na karatasi ya ripoti pekee. Filamu ina picha chache zilizochaguliwa. Akipewa rufaa kwenda Muhimbili au Ocean Road bila CD, huenda akarudishwa kwenye mashine, mionzi na pesa mara ya pili.

Kuna dalili ambazo hazisubiri tarehe ya CT. Akianza kupumua kwa mlio, akishindwa kumeza hata mate yake, akishindwa kufungua mdomo, au uvimbe ukivimba ghafla ukiwa mwekundu na homa, mpelekeni idara ya dharura usiku huohuo. Na wakimpeleka kupigwa picha akiwa hivyo, wajulisheni kwamba akilala chali pumzi inambana, kwa sababu kumlaza mtu wa namna hiyo bila maandalizi ni hatari kuliko mionzi yote niliyoieleza. Dalili za kumwambia daktari wake wiki hii, hata kama si za dharura, ni sauti kukauka zaidi ya wiki tatu, sikio moja kuuma au kuziba, damu puani upande mmoja, jasho la usiku na kupungua mwili. Na kipimo cha VVU kama hajapima karibuni, kwa sababu kinabadilisha orodha ya magonjwa tunayoyafikiria.

Mkae naye, wewe na shangazi pamoja, mumsomee sehemu ya mionzi na ya sindano. Aamue mwenyewe, ni mwili wake. Akikubali, mpangilio ni huu: kreatinini kesho au keshokutwa, CT yenye dawa, na tarehe ya sindano iwekwe kabisa kabla hamjatoka hospitali siku ya picha. Na kama ripoti ya CT itaandika kwamba tezi hizo hazitii shaka lakini uvimbe bado upo pale chini ya taya, sindano isifutwe.